Hatua ya Arobaini na Moja

Homa Bay,
11 Februari 2024

Mdogo wangu Mirumbe,

Salamu kutoka kwenye joto. Sisi ni wazima. Mama alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia Jumanne, akafunguliwa bandeji Alhamisi. Kitu cha kwanza alichoona ni mimi, akasema, "Kumbe umezeeka hivi na hakuna aliyeniambia?" Daktari alicheka kuliko ilivyopasa. Atakaa kwangu mpaka jicho la kushoto nalo litibiwe, kisha nitamrudisha Isebania. Ng'ombe wake wanaangaliwa na Nyatichi wa jirani.

Wasichana wangu wamechukua ubingwa wa chesi wa shule za kaunti, huko Oyugis. Liz, yule wa kidato cha tatu anayetoka Mfangano, alicheza michezo saba akashinda yote saba. Mwalimu mmoja wa Kasipul alimwuliza nani amemfundisha. Akajibu, "Ni Madam, lakini hapendi kutajwa."

Sasa jambo lenyewe. Gazeti la Jumapili limechapisha kipande cha kitabu chako kitakachotoka Juni. Nimekikata na kukisoma mara nne. Unasimulia mashindano ya Kisumu, Desemba 2014. Unawaeleza wasomaji, na umeeleza vizuri, kwamba cheo cha Bingwa Mkuu hakipatikani bila vipimo vitatu, kwamba wewe ulikuwa na viwili, na kwamba ulihitaji kushinda mchezo mmoja tu, wa raundi ya tisa. Kisha unaandika, ukurasa wa themanini na nane: "Katika hatua ya arobaini na moja mpinzani wangu aliuona ushindi mbele yake, akaogopa. Wanawake wengi hucheza vizuri hadi pale mchezo unapodai damu."

Hukunitaja jina. Hukuhitaji. Mchezo ule uko kwenye kumbukumbu za dunia nzima, na jina lililo kando ya lako ni langu.

Sikuogopa, na wewe unajua. Nataka ukurasa huo utolewe. Kuna muda.

Simu usipige, sitapokea. Neno la simu hukanushwa. La karatasi lina tarehe na saini. Abdinasir amekubali lori lake libebe barua zetu kati ya duka lake la Migori na lile la dada yake Kaltum hapa Homa Bay.

Dada yako,
Nyasuguta


Migori,
5 Machi 2024

Dada Nyasuguta,

Barua yako imenifikia ikiwa na vumbi la saruji. Lori liliharibika Rongo, likakaa siku sita. Abdinasir aliponikabidhi alisema, "Bingwa, ninyi wawili mna simu nne, lakini posta ni mimi. Basi mnitafutie kofia."

Nashukuru kwa habari za jicho la Mama. Mwambie nitakuja kabla ya Pasaka kuisha vizuri. Mimi ni mzima. Januari nilicheza Tbilisi, nikamaliza wa kumi na moja kati ya sitini. Baridi ya kule imeniachia kikohozi. Watoto wa shule yangu ya chesi hapa mjini wamefika arobaini, na mzazi mmoja, mkulima wa tumbaku kutoka Kehancha, ananiletea ndizi kila Jumamosi kana kwamba mimi ndiye mgonjwa.

Kuhusu gazeti. Kitabu kiko kwa mchapishaji na kurasa zimeshapangwa. Kila mtu huandika alichokiona kutoka upande wake wa ubao. Mimi nilimwona mtu aliyepeleka mkono juu ya ngome, akaurudisha, akakaa, kisha akasogeza mfalme. Ningeandika nini? Kwamba alikuwa anawaza mambo ya jikoni?

Unasema najua. Sijui unachosema najua. Ukiwa na neno, liandike waziwazi, hatua kwa hatua, utie saini, ili tusizungukane. Nikiona haki ndani yake nitazungumza na mchapishaji.

Msalimie Mama.

Mirumbe


Homa Bay,
24 Machi 2024

Mirumbe,

Mama anakusalimu. Anauliza kama bado unakohoa. Anasema tangawizi ya Migori ni ya maji na amekununulia nyingine sokoni hapa. Utaiona imefungwa na barua hii. Kaltum alitaka kuitoa, akisema bahasha ilikuwa nzito mno. "Mwalimu, mnaandikiana au mnashtakiana?" Nikamwambia ni tangawizi.

Umetaka hatua kwa hatua. Haya.

Asubuhi ya raundi ya tisa, kwenye chai hotelini, Tata, baba yetu, aliniambia maneno haya. Nayaandika kama alivyoyasema. "Mwanangu, wewe ni wa kuolewa. Ukipata cheo, kesho kitahesabiwa katika boma la watu wengine. Mwenzako akikipata, kitabaki kwetu, na watoto wake watakitaja. Leo mwachie." Nilimjibu kwamba mimi pia nilikuwa nawinda kipimo, changu cha kwanza, na sare tu ingenitosha. Akasema, "Nimesikia." Nikauliza, "Na nikikataa?" Akasema, "Usiniulize hivyo chai ikiwa mezani."

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Sikuolewa, kama unavyojua. Cheo kingebaki bomani.

Mchana nikacheza na kete nyeusi. Unakumbuka Mwalimu Ryoba alivyotufundisha pale shule ya msingi, kwa kete za udongo juu ya ubao wa boksi la sabuni. Andika hatua yako kwanza. Weka kalamu chini. Tazama ulichoandika kana kwamba kimeandikwa na adui yako. Ndipo uguse. Kanuni za dunia zilikuwa zimeshakataza kuandika kabla ya kucheza. Kisumu mwamuzi alinionya mara mbili. Lakini mkono wangu ulikuwa umefundishwa na Ryoba kabla ya kufundishwa na kanuni.

Hatua ya arobaini na moja niliandika: ngome hadi d2. Baada ya hapo mfalme wako hana pa kwenda. Anakufa kwa hatua nne, ufanye utakalo. Nikaweka kalamu chini. Nilitazama maandishi yale kwa dakika kumi na moja. Nikayapiga mstari mmoja, na kando yake nikaandika: mfalme hadi g7. Nikasogeza mfalme. Hatua ya arobaini na saba nikakupa mkono wa kukubali kushindwa.

Karatasi za mchezo zilikuwa za nakala mbili. Ya juu ilichukuliwa na mwamuzi. Ya chini, ya kaboni, ninayo. Mstari unaonekana na kilicho chini ya mstari kinasomeka.

Niliuachia mchezo ule kwa makusudi, na si kwa hofu. Hilo ndilo neno langu.

Nyasuguta (saini)


Migori,
16 Aprili 2024

Dada,

Tangawizi imefika na kikohozi kimepungua. Tarehe saba nilikuja Homa Bay kumwona Mama. Wewe ulikuwa Karungu na wasichana wako. Mama aliniuliza kama kitabu kina picha yake. Nikamwambia ipo, ile aliyopigwa akiwa amebeba kikombe changu. Akauliza kama na ya Nyasuguta ipo. Nikamwambia chai inapoa.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Nakujibu kwa saini yangu: sikujua. Asubuhi ile sikusikia lolote kutoka kwa Tata, na niliingia ukumbini nikiamini nakutana na mpinzani. Kama ulichoandika ni kweli, basi mliamua jambo ninyi wawili, na mimi nimebeba aibu ambayo sikuitia mkononi.

Sasa na mimi nina neno. Siku ya mazishi ya Tata, mwaka 2021, Mwalimu Ryoba alipewa maikrofoni. Alisema, "Hawa wawili niliwafundisha mimi. Huyu wa kiume ana cheo. Lakini mkiniuliza nani alikuwa anaujua mchezo, ni msichana." Watu walipiga makofi, dada. Mbele ya jeneza la baba yangu watu walipiga makofi, na wewe ulisimama pale ukitazama viatu vyako, usiseme hata "Mwalimu, basi." Mzee mmoja wa ukoo akanigonga bega, "Usijali, kijana, cheo ni cheo." Kijana! Nilikuwa nimecheza nchi ishirini na tisa.

Nimekaa na makofi yale miaka mitatu. Ukurasa wa themanini na nane ndio jibu langu, na sitautoa.

Kama unafikiria kwenda kwenye Kamati ya Maadili ya Chama, usijichoshe. Kanuni ya kumi na saba niliiandika mimi, mwaka 2019, nikiwa katibu wa kanuni: mchezo uliopita miaka minane haufunguliwi. Kisumu imepita tisa.

Hata hivyo, nitumie nakala ya hiyo karatasi. Nataka kuuona huo mstari kwa macho yangu. Uitie saini na tarehe, nisije nikaambiwa nimeitengeneza.

Mirumbe (saini)


Homa Bay,
12 Mei 2024

Mirumbe,

Jicho la kushoto nalo limefanyiwa upasuaji. Mama sasa anaona mpaka ng'ambo ya barabara na anawajua wapita njia kuliko mimi. Dagaa wa omena wanaanikwa chini ya dirisha letu, naye analalamika kwamba alipokuwa haoni harufu ilikuwa nafuu.

Alinikuta nikisoma barua yako. Hajui kusoma maandishi yako, lakini anaujua uso wangu. Akasema, "Zamani kwetu aliyeshukiwa kuiba ng'ombe alisimamishwa mbele ya iritongo, wazee na umma wote wamekaa, akaulizwa: huyu ulimtoa wapi? Jua halijazama, limekwisha. Ninyi mnaulizana kwa lori la mabati." Nikamwambia iritongo haijui chesi. "Inajua wezi," akasema, na akaendelea kuchambua mboga.

Nakala ya karatasi hii hapa. Nimeitia saini na tarehe kama ulivyoagiza.

Nimeona jambo moja. Tangu tujue kuandika, mimi na wewe tumeandikiana Kikuria. Ulipokuwa Budapest uliniandikia Kikuria, hata habari za theluji, ambayo haina jina kwetu. Mwaka huu unaniandikia Kiswahili kilichonyooka kama cha karani wa mahakama. Hata mimi nimekifuata. Sikuulizi sababu.

Kuhusu Mwalimu Ryoba, sikumtuma. Sikumnyamazisha pia. Nilitazama viatu kwa sababu nilikuwa natabasamu.

Narudia mara ya mwisho. Ukurasa utolewe kabla ya Mei kuisha. Huna haja ya kuniomba radhi, wala kumtaja Tata. Ondoa sentensi mbili tu, ile ya kuogopa na ile ya damu, na karatasi hii nitairudisha kabatini ilikokaa.

Jina langu limepelekwa kwa nafasi ya kocha wa wasichana wa taifa. Watachagua Agosti. Kwa hiyo nakuomba barua zangu zibaki kati yetu. Usimwonyeshe mtu.

Nyasuguta


Migori,
1 Julai 2024

Dada Nyasuguta,

Natumaini Mama yu mzima na macho yote mawili. Kwetu hakuna baya.

Kitabu kilizinduliwa tarehe ishirini na mbili Juni katika hoteli hapa mjini. Walikuja watu mia mbili na zaidi, hata wengine kutoka ng'ambo ya mpaka, Sirari na Tarime. Nilisoma ukurasa wa themanini na nane kwa sauti. Wakati wa maswali Abdinasir alisimama nyuma, na kile kikofia chake, akauliza, "Bingwa, huyo mwanamke bado anacheza?" Watu wakacheka. Nikasema anafundisha. "Basi wanafunzi wake ndio wa kuogopwa," akasema, akaketi. Wakacheka tena, na sikupenda walivyocheka.

Sikutoa ukurasa. Badala yake nimefanya jambo lingine, na nataka ulisikie kwangu kabla hujaletewa hati.

Tarehe ishirini na sita Juni nimewasilisha malalamiko mbele ya Kamati ya Maadili dhidi yako, kwa kupoteza mchezo kwa makusudi. Nimeambatisha barua yako ya Machi na nakala ya karatasi uliyoitia saini. Nimeshtaki mwenendo wako tu, na mwenendo hauna kikomo cha miaka. Nimetia saini kama mlalamikaji na kama mshindi wa mchezo huo. Mtu aliyekiri kwa mkono wake kwamba aliachia mchezo hawezi kukabidhiwa wasichana wa taifa. Wewe mwenyewe ungesema hivyo kuhusu mtu mwingine.

Ulijua nakusanya. Ulisema hata lugha uliiona. Mbona uliendelea kuandika? Mimi nimefanya kazi hii miaka ishirini, dada. Mtu akiacha kete wazi, naila. Sikuulizi uliiacha kwa nini.

Ryoba yuko wapi leo na maikrofoni yake?

Mirumbe


Migori,
9 Septemba 2024

Nyasuguta,

Mama mzima? Watoto wa shule yako wazima? Nimesalimu.

Uamuzi umesomwa tarehe mbili, na najua umeupata, kwa kuwa Kaltum aliupokea kwa niaba yako. Umefungiwa miaka mitatu. Huwezi kufundisha timu, huwezi kuamua mchezo, huwezi kuingia ukumbi wa mashindano. Ndivyo nilivyoomba. Mwenyekiti aliposoma hapo nilikuwa nimeshaanza kukunja karatasi zangu.

Akasema, "Bwana Mirumbe, keti. Bado." Akafungua kitabu cha kanuni, akanisomea ya kumi na saba, ile niliyoiandika kwa mkono wangu. Mchezo uliopita miaka minane haufunguliwi, "isipokuwa aliyeshinda auwasilishe mwenyewe kwa saini yake." Akaniuliza, "Saini hii ni yako?" Nikasema ni yangu. "Wewe ndiye uliyeshinda?" Nikasema ndiye. "Na unasema mpinzani aliuachia kwa makusudi?" Nikasema ndivyo alivyokiri. Akasema, "Basi umetuletea mchezo usio mchezo. Tunaufuta."

Mchezo ukifutwa, kipimo cha tatu hakipo. Kipimo kisipokuwepo, cheo hakipo. Wamepeleka pendekezo huko juu, kwa chama cha dunia, na hakuna anayetarajia likataliwe. Mchapishaji amesimamisha kitabu, maana jalada lina maneno Bingwa Mkuu kwa herufi kubwa kuliko jina langu. Mwaliko wa Novemba umefutwa kwa barua ya mistari miwili. Watoto kumi na sita wameondolewa shuleni kwangu. Yule wa ndizi alikuja Jumamosi mikono mitupu akasema, "Mwalimu, hawa watu wamekuonea," na mtoto wake hajarudi.

Umejichoma ili unichome.

Nina siku thelathini za kukata rufaa. Wakili anasema njia ni moja. Andika kwa Kamati kwamba barua ya Machi uliiandika kwa hasira, kwamba mchezo ulikuwa wa kweli, na kwamba ulipiga ule mstari kwa sababu uliingiwa na hofu. Neno moja tu, dada: niliogopa. Ukiliandika, mchezo unasimama na adhabu yako inaondoka, maana hutakuwa na kosa. Mimi nitatoa ukurasa. Nitatoa sura nzima ukitaka.

Sisi ni tumbo moja. Nijibu upesi.

Mirumbe


Homa Bay,
22 Septemba 2024

Mdogo wangu Mirumbe,

Mama ni mzima. Anatunga uzi kwenye sindano bila miwani na anawaita majirani waje kutazama. Nakala ya kitabu chako aliletewa na Kaltum kabla hakijasimamishwa. Alijitazama kwenye picha ile ya kikombe, akasema mkono wake umepigwa vibaya. Nitamrudisha Isebania mwezi ujao. Liz alipita majaribio ya taifa bila mimi. Amepangiwa ubao wa pili wa timu. Sasa ana kocha mwingine, mwanamume wa Eldoret, anayesema sana. Nilimwambia amsikilize.

Umeuliza neno moja. Jibu ni hapana.

Lakini kuna mambo mawili ambayo hukuyauliza, na ni vizuri uyajue kabla siku thelathini hazijaisha.

La kwanza ni kile kipande cha kanuni. Mkutano mkuu wa 2019 nilikuwa nimekaa safu ya nyuma na walimu wa Nyanza. Ulisoma kanuni yako, nikaona ni ukuta na nikajua unamkinga nani. Nikanyoosha mkono. Nikauliza, "Na kama mshindi mwenyewe anataka mchezo wake ufunguliwe?" Ukacheka kwenye maikrofoni. Ulisema, "Dada yangu, mshindi gani ataleta ushindi wake ufutwe? Haya, ongezeni, haidhuru." Ikaongezwa, ikapigiwa kura, ukaipigia na wewe. Siku ile sikuwa na mpango. Nilitaka tu ukuta wako uwe na mlango. Mpango ulianza Februari mwaka huu, niliposoma neno "akaogopa". Sikuwa na uwezo wa kuufungua mchezo ule. Ulikuwa nao mtu mmoja tu, na mtu huyo hali kete asiyoachiwa wazi. Kwa hiyo niliandika nilichoombwa, nikatia saini nilipoagizwa, nikakutajia nafasi ya ukocha ili uwe na sababu, na nikakuomba usimwonyeshe mtu. Mei nilikupa nafasi ya kuondoa sentensi mbili. Ungeziondoa, ningenyamaza. Hilo nalo ni kweli.

La pili ni pengo lililo katika barua yangu ya Machi. Niliandika maneno ya Tata. Sikuandika nani alikuwa mezani. Tulikuwa wanne: Tata, mimi, Abdinasir aliyekuwa amemleta Tata kwa gari lake, na wewe. Ulikuwa unamenya yai. Tata alipomaliza kusema "Leo mwachie", hukuinua kichwa. Ulisema, "Nisogezee chumvi." Mimi ndiye niliyekusogezea.

Ningeliandika hilo Machi, usingeipeleka barua popote. Kwa hiyo niliacha nafasi tupu, nikangoja uijaze. Umeijaza tarehe kumi na sita Aprili, kwa saini: sikujua, sikusikia lolote. Barua hiyo ninayo. Kamati imeona yangu tu, kwa sababu wewe ulipeleka zangu tu. Kwa sasa mbele yao wewe ni mtu aliyepokea asichojua. Umepoteza cheo, lakini hujafungiwa. Unaweza kucheza kesho, ukianza kutafuta kipimo cha tatu kama mtu mwingine yeyote. Una miaka thelathini na sita.

Ukikata rufaa, nitapeleka barua ya Aprili, na Abdinasir atakuja kueleza habari ya yai. Nilimwuliza jana. Akasema, "Mwalimu, nimebeba maneno yenu miezi saba bila kuyafungua. Ya kwangu nitayabeba mwenyewe." Basi kata rufaa au usikate. Nimekuandikia mapema ili usije ukasema hukujua.

Unasema nimejichoma. Ndiyo. Nilijua bei yake kabla ya kuchukua kalamu. Miaka mitatu nitasahihisha hesabu za kidato cha pili na kumpeleka Mama kwa daktari. Ukumbini sitaingia. Nimewahi kukaa ukumbini na ushindi umeandikwa mbele yangu kwa mkono wangu, na nikaupiga mstari. Nje si pabaya kuliko pale.

Unasema tumbo moja. Ndiyo maana nilingoja karibu miaka kumi, na ndiyo maana nilikuomba mara mbili. Mtu baki ningemwomba mara moja.

Leo asubuhi nimefungua kumbukumbu za mchezo wa Kisumu. Wameshabadilisha. Zamani kando ya jina lako kulikuwa na moja na kando ya langu sifuri. Sasa ni sifuri na sifuri. Yangu ninayo tangu 2014. Yako ni mpya. Utaizoea.

Dada yako,
Nyasuguta